Antena Isiyopanda Juu ya Paa

Fundi Athmani alizikwa Alhamisi baada ya alasiri, nami nikafika Ijumaa, nimechelewa kama ilivyo kawaida ya watu wanaokaa Nairobi. Nilipoingia chumba cha wanawake pale nyumbani kwake Mtopanga, Bi Rukia, mjane wake, hakuniuliza kwa nini sikuwahi maziko. Alinishika mkono, akanikalisha ubavuni pake, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, naye akajua nasema uongo, akaagiza nipakuliwe wali. Kando yake alikaa mjukuu wao mmoja wa kike anayesomea uhandisi. Alinisogelea kwa adabu akataka kujua kama ni kweli kwamba mimi na babu yake tulitengeneza antena bapa ya ukutani zamani, kabla watu hawajawa na simu za mkononi. Nikamwambia ni kweli. Nikamwonyesha simu yake mwenyewe aliyoiweka mapajani, nikamwambia humo ndani mna antena kadhaa na hakuna hata moja anayoiona, na kwamba mimi nimekula mkate wangu maisha yote kwa kuzifanya ziwe ndogo zaidi. Akasema mwalimu wao amewafundisha habari za metamateria, yaani shaba inayokatwa maumbo madogo madogo yanayojirudia, mpaka bamba linakuwa na tabia ambayo shaba tupu haina. Nikamwambia jina hilo nililisikia nikiwa mtu mzima, lakini tabia yenyewe niliijulia katika nyumba hii, chumba cha mbele, babu yake akiwa amevaa kikoi na miwani iliyofungwa uzi. Msichana akacheka. Bi Rukia, ambaye nilidhani hatusikilizi, akasema miwani ile aliifunga yeye.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala ukoo wetu unatoka wapi, maana hayo kila mtu anayo na ya kwangu hayana ajabu. Ninaloweza kueleza ni mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha chuo cha ufundi cha mambo ya redio, na sina kazi. Kila nilikopeleka cheti hicho walikitazama, wakanitazama mimi na buibui langu, wakanirudishia. Basi nikakaa nadarizi kofia na shangazi yangu kule Frere Town. Kazi hiyo niliijua tangu mdogo, na kwa kweli sikuipenda, ingawa mkono wangu uliipenda. Siku moja Fundi Athmani alikuja kuchukua kofia yake ya Idi. Hakuijaribu kichwani. Aliipeleka dirishani, akavua miwani, akaigeuzageuza ndani nje, kisha akamuuliza shangazi ni nani aliyeichora kabla haijashonwa. Shangazi akanionyesha. Akaniuliza kama najua kulehemu. Nikamwambia najua, na cheti ninacho. Akasema, “Cheti kiwache. Mkono huu nautaka karakanani kwangu kesho, inshallah, saa mbili.” Mpaka leo sijapata mwaliko wa kazi ulionipendeza kuliko huo, na nimepata mingi iliyoandikwa kwenye karatasi nzito.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lilikuwapo, ndimo alimopitishia nyaya. Redio zilipangwa ukutani hadi darini, zilizopona upande wa kulia na wagonjwa upande wa kushoto, na mteja akiingia Fundi alimsalimu kwanza, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo akaitazama redio. Kati ya karakana na jikoni palikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na nyuma ya pazia hilo Bi Rukia alisikia kila kitu na kukijibu. Saa nne alileta mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Palikuwa na sharti moja: aliyekula hakugusa shaba mpaka amenawa kwa sabuni, maana mafuta ya kidole yanabaki kwenye bamba na risasi ya kulehemu haishiki. Mimi nililisahau sharti hilo mara moja tu. Fundi aliinuka, akaleta birika la maji na sabuni, akaninawisha mikono kama mgeni wa harusi, huku Bi Rukia nyuma ya pazia akicheka mpaka akakohoa.

Fundi Athmani alikuwa na msemo wake mwenyewe ambao ulinichosha wakati ule, na sasa nausema kwa vijana wangu mpaka wao nao wamechoka. Tukimaliza kutengeneza kitu na kikawaka, mimi nikafurahi, yeye husema, “Bado. Hakijafanya kazi mpaka kifanye kazi kesho.” Redio ya mteja ililala usiku mmoja mezani hata kama mwenyewe amekaa mlangoni anaisubiri. Watu walinung'unika na bado walirudi kwake. Alikuwa amejifunza redio melini, ujana wake, na hakuwa na cheti hata kimoja, lakini sijapata kumuona mtu anayesikiliza mashine kwa subira kama yule. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, na nilikuwa naona uso wake ukitulia pale alipoijua kasoro. Nilimheshimu kiasi cha kumuogopa, na nadhani nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu aliyemwamini wa kwanza.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu akaja Sista Mwanasiti. Alikuwa mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na aliendesha kliniki ndogo ya wazazi kule Changamwe, upande wa uwanja wa ndege, ndege zinaposhuka hadi unaona magurudumu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakataa chai, na hilo pekee lilitutia wasiwasi. Akaeleza kwamba mwaka uliopita mama mmoja alimfia kwenye ngazi ya kliniki. Alikuwa ametokwa na damu baada ya kujifungua. Simu hawana, laini waliiomba miaka. Walimtuma mtu kwa baiskeli akatafute simu ya kukopa aite gari la wagonjwa kutoka hospitali ya kisiwani, na gari lilipofika, yule mama alikuwa ameshafunikwa leso toka kichwani hadi miguuni. “Nilimshika mkono saa nzima,” akasema Sista. “Saa nzima, Fundi. Alikuwa akiniuliza gari li wapi, nami namwambia yuwaja, yuwaja.” Bi Rukia akatoka nyuma ya pazia, akakaa chini kando yake.

Sasa wafadhili fulani walikuwa wamempa redio ya mawasiliano, sawa na ile ya hospitali, na masafa ya mawimbi ameshapewa. Shida ilikuwa antena. Fundi mwingine alimsimikia mlingoti mrefu juu ya paa, na haukumaliza wiki. Wahusika wa usalama wa ndege walikuja wakaamuru uteremshwe, na wakasema lolote litakalopanda juu ya paa la nyumba ile litateremshwa. Walikuwa na haki, ndege zinapita hapo. Afisa wa leseni angekuja kukagua baada ya miezi mitatu, na kama redio haikuweza kuongea na hospitali, ilikuwa iondolewe ipewe kliniki nyingine iliyokuwa ikiingoja. Fundi akamuuliza ukuta unaoelekea kisiwani una nafasi kiasi gani. Sista akanyoosha mikono: kati ya dirisha na mwisho wa paa, shubiri mbili, labda na vidole vitatu.

Nieleze hapa kwa lugha nyepesi, maana jambo lenyewe si gumu. Urefu wa antena hauchaguliwi na fundi, unachaguliwa na wimbi. Kwa masafa ya hospitali, wimbi moja lilikuwa na urefu wa kama mita mbili, na bamba la shaba lililolipokea vizuri lilitaka liwe mita moja kila upande. Sisi tulikuwa na shubiri mbili. Fundi alijua ujanja mmoja wa kulipunguza nusu kwa kuliunga upande mmoja na bamba la nyuma, lile linalokaa kati yake na ukuta, ila hilo la nyuma hutaka liwe kubwa zaidi, hivyo nafasi bado haikutosha. Ujanja wa pili aliuwaza yeye mwenyewe kwa kutazama maji ya mvua uani: ukikata mwanya kwenye bamba, umeme hauuruki, unauzunguka. Ukikata mianya mingi, unazunguka sana, safari inakuwa ndefu na bamba linabaki dogo. Basi tulinunua shaba ya birika kubwa lililotupwa, tukaliponda likanyooka, tukaanza kukata. Bamba la kwanza, mianya ilikuwa imenyooka na mirefu, na shaba ikalegea ikawa inatikisika kila ukilishika, na sindano ya mita, chombo chetu cha kupimia masafa, nayo inatikisika pamoja nayo. La pili lilipasuka. La tatu lilisikia redio ya teksi na halikusikia hospitali.

Siku moja, tukingoja mahamri, nikachora kwenye karatasi kile nilichokizoea mkononi, ule ukingo wa kofia wenye vijiduara vinavyofuatana, kila kimoja kimekatika upande mmoja ili uzi upite kwenda kwa jirani yake. Nikamwonyesha Fundi, nikasema pengine vijiduara hivi havitalegeza bamba, maana kila kimoja kinabaki kimeshikwa. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema, “Vichore shabani kama unavyovichora kwenye nguo.” Nikatoboa karatasi kwa sindano, nikailaza juu ya bamba, nikapaka unga wa makaa kama tulivyofanya kwenye kofia, na nukta zikabaki. Kukata kwa msumeno wa uzi kulituchukua siku tisa. Bi Rukia alipita akasema, “Shangazio akiona wafanyani hapa, atanambia nimeharibu mtoto.” Nilipoliunganisha bamba na mita, sindano ilisogea mahali hatukupatarajia kabisa, kwenye masafa ya chini sana, kama kwamba bamba limekuwa kubwa mara mbili bila kuongezeka ukubwa. Fundi alilichomoa, akalichomeka tena, sindano ikarudi palepale. Akafumba macho. Halafu akaita, “Rukia, njoo uone alofanya Zuhura.” Alisema alofanya Zuhura. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na msumeno mkononi na machozi yananitoka kwa furaha, nikijifanya ni vumbi la shaba.

Kulikuwa na gharama yake, na Fundi alinieleza mapema. Antena iliyobanwa namna hiyo ina sikio jembamba. Inasikia mahali pamoja tu, na kitu kidogo kikiigusa, inasahau mahali pake. Tuliisogeza kwa tupa, unywele baada ya unywele, mpaka ikakaa penyewe. Tukaipeleka Changamwe, tukaipigilia ukutani juu ya vigingi vya mbao, na hospitali ikasikika siku hiyo, na siku ya pili, na wiki iliyofuata. Siku moja kabla ya afisa kuja, Fundi alikuwa amekwenda kwenye mazishi Kisauni, akanituma mimi nikapime kwa mara ya mwisho.

Nilikuta kliniki inapambwa. Sista Mwanasiti alikuwa ameamua mgeni asikute ukuta mchafu, na Mzee Kalama, mlinzi wao, alikuwa na pipa la chokaa na brashi, anapaka nje kote. Alipofika kwenye bamba alisimama akaniuliza alizunguke au vipi. Shaba ilikuwa imeshaanza kugeuka kijani na nyeusi, na kweli ilichukiza, ukuta wote mweupe na lile dude katikati. Mimi niliona haya kwa ajili ya kazi yangu. Nikamwambia apake. Tena nikaenda kwenye pipa, nikaona chokaa nyepesi, nikamuuliza kama ametia chumvi. Akasema kidogo. Kwetu chokaa bila chumvi ya kutosha inatoka na kubaki kwenye nguo za kila anayeegemea, na nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nachanganya kila mwezi wa Shaabani. Nikamwambia atie zaidi, nikamtilia mwenyewe kwa viganja viwili. Alasiri, jua kali, chokaa imekauka, nikapima. Sindano ilikaa palepale. Nikarudi nyumbani nimeridhika, na neno kesho halikunijia hata kidogo.

Afisa alifika asubuhi mapema. Aliitwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye fomu nyingi. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha alfajiri na hewa ilikuwa nzito. Sista aliishika maiki akaita hospitali. Kimya. Akaita tena. Fundi, aliyekuwa amesharudi kutoka Kisauni, akachomeka mita, na sindano ikaruka upande wa pili, nguvu yote inarudi ndani, hakuna kinachotoka. Sista aliendelea kuita kwa sauti ileile, polepole, “hospitali, unanipata,” tena na tena. Fundi akatoka nje, nami nikamfuata. Chokaa ilikuwa imelowa. Ilikuwa inatoa jasho, matone madogo kwenye kila kijiduara. Fundi alipitisha kidole juu ya bamba, akakitia mdomoni. Chumvi huvuta maji ya hewani, na maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mianya yetu yote ilikuwa kama imezibwa. Hakunitazama. Akarudi ndani akamwambia Bwana Mutua, “Kosa ni langu. Naomba wiki moja.” Afisa akafikiri, akasema atarudi wiki ijayo, asubuhi vilevile, na hapo redio itazungumza au itaondoka naye. Akasema kwa upole, na upole wake haukupunguza kitu.

Mimi nilinyamaza. Naandika haya kwa sababu ya kunyamaza kule. Nilinyamaza pale kliniki, nikanyamaza njiani, nikanyamaza kesho yake tulipolirudisha bamba mezani na kuanza kulisugua kwa ndimu na majivu. Saa nne mahamri yalikuja na sikuweza kumeza. Nikaenda uani kunawa, na nilipokuwa narudi nikasikia Bi Rukia nyuma ya pazia akisema, “Mbona humuulizi? Mato yangu yaona mtoto hali chakula.” Fundi akajibu, “Nimuulizeni na chumvi nimeionja mwenyewe? Kalama hana mkono wa kutia chumvi kama ile. Mwache. Atasema.” Nikasimama na mikono inadondosha maji. Kama angenikemea, ningejitetea. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba hakuna aliyeniambia, kwamba Sista ndiye aliyetaka chokaa. Kule kuningoja kwake kuliniondolea maneno yote.

Nikaingia, nikasema, “Fundi, ni mimi niliyesema lipakwe. Na chumvi ni mimi.” Akasema, “Marahaba,” kana kwamba nimemwamkia, akanisogezea tupa. “Sasa tufanye kazi. Bamba hili litakaa nje na hewa ya chumvi hata bila chokaa yako. Tulikuwa tumelitengenezea mchana mkavu tu. Umetuonyesha kabla mgonjwa hajatuonyesha.” Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilikula mahamri manne.

Wiki ile ilikuwa ya kwangu, na yeye ndiye aliyeifanya iwe ya kwangu. Tulikubaliana kulivika bamba vanishi ya maseremala, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasiguse mianya. Lakini kila tabaka lilivuta sikio la antena chini kidogo, na vanishi ikishakauka huwezi tena kuingiza tupa bila kuibandua. Ilibidi nikate bamba kwa makusudi likae juu ya masafa yetu, mahali ambapo ni makosa, nikiamini kwamba matabaka ya vanishi yatalishusha mpaka pale panapotakiwa. Nilifanya kipande cha majaribio, nikahesabu kila tabaka linashusha kiasi gani, nikaandika, nikakata. Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, siku nzima. Niliomba ashike tupa mara mbili na mara mbili alikataa. Tabaka la mwisho lilipokauka, siku ya tano, sindano ilikaa penyewe. Akachukua birika la kunawia, akalimwagia bamba lote maji ya chumvi, akalitazama likitiririka. Sindano haikutikisika. “Bado,” akasema, na tukacheka wote, na Bi Rukia nyuma ya pazia akasema bado naye.

Siku ya afisa kurudi hewa ilikuwa nzito kuliko mara ya kwanza, mawingu yamelala juu ya Changamwe na ukuta unatoa jasho. Bwana Mutua alitoa fomu. Kabla ya kupima, akasema, anatakiwa kujaza chanzo cha hitilafu ya wiki iliyopita na jina la aliyehusika.

“Athmani,” akasema Fundi. “Ni mimi.”

“Si kweli, bwana,” nikasema. “Ni mimi. Niliamuru bamba lipakwe chokaa, na chumvi niliitia kwa mikono yangu. Andika Zuhura.”

Mzee Kalama alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi. “Aliyepaka ni mimi, bwana mkubwa. Brashi nilikuwa nayo mimi.”

“Na chokaa niliinunua mimi,” akasema Sista Mwanasiti, “na ukuta ni wangu.”

Bwana Mutua alitutazama mmoja mmoja. Akasema, “Mimi nimekagua mitambo miaka mingi. Kila mahali nikikuta kimeharibika kitu, hakuna aliyekuwapo siku hiyo.” Akainama akaandika. Nilisogea nikachungulia. Mbele ya jina la aliyehusika alikuwa ameandika: chokaa.

Halafu akamwambia Sista aite, aseme kama atakavyosema siku ya kazi, asibadilishe neno. Sista Mwanasiti akashika maiki. Nilimwona akivuta pumzi. “Hospitali, hospitali, hii ni Changamwe. Unanipata?” Na sauti ikaja kabla hajaachia vizuri kitufe cha maiki, sauti ya kijana, iko karibu kama amekaa chumba cha pili: “Changamwe, nakupata vizuri sana. Sema.” Fundi Athmani alifumba macho. Sista akasema, “Naomba gari la wagonjwa, kliniki ya Changamwe, haraka.” Kijana akajibu, “Sawa Changamwe,” na ikakatika. Bwana Mutua akapiga mhuri. Sista akatuletea chai na viazi vya karai, na safari hii akanywa naye. Tukakaa tunaongea, Mzee Kalama akimuuliza afisa habari za mvua za bara, na sote tulikuwa na furaha hata hakuna aliyewaza kwamba yule kijana wa hospitali hakuwa ameambiwa kuwa ni majaribio.

Chai haijaisha, gari la wagonjwa likaingia uani na taa inazunguka. Dereva akaruka chini, na mwenzake nyuma akatoa machela, wakaja mbio hadi kwenye ngazi. “Yuko wapi mgonjwa?” akauliza dereva, anahema.

Sista Mwanasiti alikuwa ameshaweka kikombe chini, anashuka ngazi polepole, na alipofika kwenye ile ya pili alikaa, buibui likatandaa juu ya chokaa mpya. Alilitazama lile gari. Akalia bila kujificha uso, mwanamke ambaye sikuwahi kumuona akitikisika. Dereva akachanganyikiwa, akainama akamshika bega, akamuuliza tena kwa sauti ya chini, “Mama, mgonjwa yuko wapi?”

“Bado hajaja, mwanangu,” akasema Sista. “Akija nitakuita.”